Mfupa Uliotolewa Shingoni mwa Mdogo Wangu

Nilisimama mbele ya watu nimeshika maiki kwa mikono miwili, jeneza la mdogo wangu liko hapo kando, nikawaambia waombolezaji kwamba amekufa kwa sababu ya mfupa wa samaki.

Sikusema kwa mzaha. Kwetu aliyemuuguza mgonjwa ndiye huitwa kueleza ugonjwa siku ya mazishi: ulianza wapi, ukaendaje, marehemu alisema nini mwisho mwisho. Watu hungoja sehemu hiyo kuliko mahubiri. Wasipoambiwa watajijazia wenyewe, na midomo ya matanga naijua, itajaza vibaya. Kwa hiyo mwendesha shughuli aliposema, "Sasa tumsikie dada yake, yule alikaa naye Migori," nilikuwa nimejipanga. Nikaeleza kwamba mfupa ulimkwama kooni, ukatolewa, lakini ukawa umeacha kidonda. Kidonda kikashuka mpaka tumboni. Hospitali huko Homa Bay wakaona ni vidonda vya tumbo, wakampa dawa, dawa zikashindwa. Nikashukuru majirani wangu wa Migori, nikamshukuru shemeji, mume wa marehemu, nikamshukuru na kaka yetu mkubwa kwa kumpeleka hospitali.

Ndipo kaka akasimama. Hakuningoja niketi. Alinyoosha mkono akachukua maiki kwangu vile unamnyang'anya mtoto kisu.

"Dada yangu hakusoma sana, mtamsamehe," akasema. "Hakuna mambo ya mfupa hapa. Marehemu alikuwa na kansa ya koo. Sisi kama familia tuliambiwa na daktari mapema, na tumempigania mpaka mwisho."

Sisi kama familia.

Huko nyuma ya hema kijana mmoja akasema, "Mfupa!" na wenzake wakacheka kwa pua. Mama mmoja akawasonya. Mimi bado nilikuwa nimesimama, mikono imebaki hewani kama bado ina maiki. Nikamwangalia shemeji. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakushtuka. Nikaangalia viti vyote vya mbele, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Nikaelewa hapo hapo kwamba waliokuwa hawajui ni wawili tu: mimi niliyemkorogea uji, na yeye aliyelala ndani ya sanduku.

Wacha nirudi pale ilipoanza, kwa sababu watu wengi wameisikia hii hadithi kwa mdomo wa kaka na mimi sijapewa nafasi tena.

Sisi ni watoto wa Muhuru Bay. Mama yetu alianika omena, wale dagaa wa ziwani, nyanya yetu alianika omena, na mimi nilipoolewa Migori nikaenda kuuza omena sokoni, na mume wangu alipokufa nikaendelea kuuza omena. Mdogo wangu aliolewa kisiwani Mfangano. Alikuwa kitinda mimba wetu. Kaka mkubwa alisoma, akafanya kazi ya ofisi mpaka akastaafu, sasa ni mzee wa kanisa la Sabato na ndiye anayesema kwa niaba ya kila mtu. Mimi niliachia darasa la nne. Mdogo wangu alifika la saba, na akawa ananichokoza kwa hayo madarasa yaliyozidi mpaka tukazeeka.

Alikuja kunitembelea. Nikapika samaki, ngege wa kuchemsha, ugali, na mboga chungu. Tulikuwa tunakula na kupiga domo, mara akanyamaza, mkono uko shingoni.

"Mfupa?" nikamuuliza.

Akaitikia kwa kichwa.

Mtu wa ziwani akishindwa kumeza, hakuna anayefikiria kitu kingine. Watu wa mbali labda wangefikiria kuvimba, kufura, sijui nini. Sisi ni mfupa. Nikamfinyangia tonge la ugali kama yai, nikamwambia alimeze bila kutafuna, lisukume. Akameza, likasimama kifuani, machozi yakamtoka.

"Umekula samaki miaka hii yote kama paka," nikamwambia, "leo ndio unashindwa?"

"Hata paka huzeeka, dada," akasema alipopata pumzi.

Mfupa haukuondoka. Akarudi Mfangano, akanipigia simu kwamba bado upo, anakula akishushia maji. Aliporudi Migori nikamwambia twende nyumbani Muhuru kwa yule mama wa kutoa mifupa. Kila ufuo una mtu wake wa hiyo kazi. Huyu alirithi kwa nyanya yake, na hata watu wenye magari walimletea watoto. Tulimkuta anageuza omena kwenye wavu. Akanawa, akamkalisha mdogo wangu kwenye kigoda, akampaka samli shingoni na kuanza kukanda kutoka chini kwenda juu, pole pole, kama anayefuata kitu kinachotembea. Halafu akaingiza kidole mdomoni. Mdogo wangu akatapika tapika, akatema kwenye bakuli.

"Muoneni mgeni wenu," yule mama akasema.

Ulikuwa mfupa, wa urefu wa njiti ya kiberiti.

"Huo ni wa mbuta," nikasema.

Akanikazia macho. "Umekuja kununua samaki au umeleta mgonjwa?"

Tukacheka wote. Mdogo wangu alicheka akishika shingo, na siku hiyo alikula nusu ya ugali wake, nikaona kazi imekwisha. Leo nikilala na hiyo picha kichwani naona kile ambacho furaha ilinizuia kuona. Ule mfupa ulikuwa mkavu. Mimi nashika samaki kila siku ya Mungu. Mfupa uliokaa ndani ya mtu wiki nyingi hautoki mweupe na mkavu kama uliookotwa juu ya bati. Na sisi tulikula ngege, si mbuta. Nilimrudia yule mama baada ya mazishi nikamuuliza. Akaniambia, "Uliona mfupa au hukuona?" Nikasema niliona. "Basi," akasema, akaendelea kugeuza omena zake. Huyo ndiye wa kwanza ninayemshitaki.

Wa pili ni yule wa duka la dawa hapa Migori, karibu na steji ya matatu. Anavaa koti jeupe na watu wote humwita daktari. Nilimpeleka mdogo wangu kwake mara sijui ngapi. Hakuwahi kumwambia fungua mdomo. Hakumshika shingo. Alikuwa anauliza akiwa kwa simu, "Inachoma? Ukikula inachoma?" Mdogo wangu akisema hachomwi, anakwama tu, yeye alisema, "Hiyo ni asidi, mama," na kututolea maji meupe ya chupa. Tulikunywa hayo maji meupe mpaka kitambaa cha meza kikawa na madoa yake. Mimi na huyo mtu bado tunasalimiana, hana habari na mimi.

Alipoanza kukonda mpaka pete ikawa inamtoka akifua, ndipo kaka akaingia. Yeye na shemeji walimchukua kwangu wakampeleka Homa Bay akaangaliwe kwa kamera, ule mpira wa kuingizwa kooni. Mimi nilibaki, mzigo wa omena ulikuwa umefika na soko halingoji. Waliporudi jioni mdogo wangu alikuwa amechoka, akaingia ndani moja kwa moja. Kaka akasimama mlangoni, hakuketi.

"Wamesema nini?" nikauliza.

"Vidonda. Vidonda vya tumbo vimepanda juu. Apewe uji, apewe maziwa, asisumbuliwe."

"Basi atapona?"

"Uji, maziwa," akasema. Shemeji tayari alikuwa nje akiwasha gari.

Nikamuuguza. Sikumuuguza kama mtu mwenye kansa, kwa sababu sikujua. Nilimuuguza kama mtu anayedeka. Mnisikie vizuri hapo, kwa sababu hapo ndipo mwiba wangu ulipo. Nilimpigia kelele. Nilimwekea uji mbele na kumwambia, "Meza! Unamdekea nani, mume wako yuko Mfangano!" Akawa anashika kikombe, anatia mdomoni, anakaa nao, ananiangalia. Wakati mwingine anautema kwenye leso akidhani sijaona. Nami namgombeza tena. Kama wangeniambia, ningemlainishia kila kitu. Ningemwacha akae na ladha tu mdomoni na asimeze. Hao wanaume wawili walijua, wakaniacha nimpigie kelele mgonjwa wa kansa kwa sababu ya uji.

Siku moja mchana namuosha nywele nyuma ya nyumba, akaniuliza, kichwa kimeinama kwa beseni, "Dada, kule hospitali walisema nini nje?"

"Nje wapi?"

"Baada ya kamera. Mimi waliniacha kwa benchi. Daktari akawaita kando, wakaongea naye sana. Walipokuja kwangu waliniambia niko sawa, ni vidonda."

"Basi ni hivyo walivyosema. Vidonda."

"Wamekuambia hivyo pia?"

"Ndiyo."

Nikamaliza kumsuuza. Halafu akasema, "Kama ni wewe umeniambia, nitaamini." Akajifunga taulo akaingia ndani.

Mwaona walivyonitumia? Walijua yeye hawaamini, lakini mimi ananiamini. Wakanipa uongo wao nikaubeba kwa mdomo wangu mpaka kwake, nikidhani nabeba ukweli.

Halafu walikuja kumchukua. Kaka alisema hewa ya mjini ni mbaya, arudi kisiwani apumzike, ziwa litampa hamu ya kula. Mimi nilifurahi! Nilimpakia begi kama anaenda arusi. Nilimtilia kile kitenge alichokipenda, nikatia na viatu vya kanisani, kwa sababu alisema akinenepa ataenda kanisani navyo. Alipoingia kwenye gari akaniambia, "Nikirudi nitakuta umemaliza omena zote za wenyewe." Nikamwambia aende zake, mbea yeye. Sikumshika hata mkono. Nani humuaga mtu anayeenda kupumzika?

Ukweli ni kwamba walikuwa wanampeleka kufa. Mke wa mtu akifia kwa dada yake ni shida kubwa kwetu: maiti ipite wapi, nani alaumiwe, nini kifanywe kusafisha. Wakataka afie kwa boma la mume wake, mambo yawe mepesi. Sipingi mila. Mimi mwenyewe nimeshika mila nilipofiwa na mume. Lakini kama wangesema, ningepanda hilo gari na hiyo mashua, ningekaa kwenye mkeka kando yake huko Mfangano mpaka mwisho. Nilipata habari kwa simu nikiwa sokoni napima omena kwa kopo. Niliendelea kumimina kopo mpaka mteja akanishika mkono.

Sasa nieleze haya mengine, ambayo kaka anayaita wazimu.

Tangu mazishi, koo langu si langu. Ilianza kwenye boti, tukitoka kisiwani kurudi Mbita. Nilimeza mate, nikasikia yamesimama. Nikameza tena. Ukimeza mate mara nyingi, mate huisha, na koo kavu husimamisha kila kitu, na kila kilichosimama ni kansa. Tangu siku hiyo sijala kitu bila kukihesabia njia yake: hapa ulimi, hapa kona, hapa kifua, kimepita. Mimi muuza samaki sili samaki. Asubuhi kabla ya kumsalimia mtu nakunywa maji ya kujaribu. Najikagua shingo kwa vidole mpaka ngozi imekuwa nyeusi upande mmoja. Nimejimulika kooni kwa tochi ya simu sokoni, mbele ya kioo cha muuza wanja, mpaka wenzangu wakanitania.

"Mama, unatafuta nini huko ndani? Kuna mtu ameingia bila kulipa?"

"Mwacheni, anatafuta bwana."

Nikacheka nao. Kisha nikaenda kupanda juu ya mizani ya mwenye mahindi, kama ninavyofanya kila siku ya soko. Yeye ameshazoea. Ananiambia tu, "Gunia ni lile lile, mama," bila kuinua macho.

Nimeona madaktari. Kuna mmoja mdogo, msichana mwenye heshima, aliniangalia koo kwa taa, akanishika shingo vizuri, akaniuliza kuhusu mdogo wangu na akanisikiliza. Akasema, "Mama, uko sawa." Nikacheka mpaka akaogopa. Hakuwa amekosa. Lakini hilo neno ndilo lile lile. Mdogo wangu aliambiwa yuko sawa akiwa na jiwe la mauti kooni. Mimi nikiambiwa niko sawa nitashika wapi? Wameliharibu hilo neno. Wamelichukua neno la kumponya mtu wakaliweka juu ya maiti, na sasa mtu akinipa linanuka.

Mwishowe kaka akasema tumalize hii kitu, akanipeleka Homa Bay kwa kamera, hospitali ile ile. Njiani nilimwambia: "Leo hakuna kuongea kando. Daktari akisema, aseme na mimi." Akaitikia, "Sawa, sawa." Lakini walinichoma sindano ya usingizi kabla ya ule mpira. Nilipofungua macho nilikuwa kwa kitanda, mlango umeachwa wazi kidogo, na huko nje kwenye ukumbi niliona mgongo wa kaka na koti la daktari. Wanaongea. Kaka anatikisa kichwa. Nilipokohoa wakanyamaza wote wawili.

Kaka akaingia akitabasamu. "Uko sawa. Hakuna kitu kabisa."

Nikamwita daktari mwenyewe. Akasimama mlangoni, wagonjwa wanamngoja. "Mzee amekueleza, si ndiyo? Uko sawa, mama. Kula chakula."

Karatasi nilipewa, ya Kiingereza. Nilimpelekea jirani yangu mwalimu akanisomea neno kwa neno, akasema hakuna ubaya ulioandikwa. Niliamini. Nililala, nikala ugali kwa mboga nikashiba, nikaenda sokoni bila kujimulika. Halafu siku moja nachambua omena, wazo likaja lenyewe: karatasi ni ya kuandika, na kule ukumbini walikuwa wanaongea. Kile kinachoandikwa na kile wanachoambiana wanaume nje ya mlango, nani amesema ni kitu kimoja? Nikaanza kumeza mate upya.

Kaka alipopita Migori akienda kwenye mkutano wa kanisa, nilimkalisha kwenye kiti. Nikamuuliza kwa nini walinificha.

"Wewe una mdomo," akasema. "Ungemwambia."

"Ndiyo, ningemwambia."

"Angekufa moyo. Angekufa mapema."

"Na hakufa mapema?"

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Shemeji ndiye hakutaka," akasema. "Mimi nilimuunga tu."

Nilimpigia shemeji hapo hapo, kaka akiwa ameketi. Shemeji akasema, "Sasa si ni ndugu yenu mkubwa aliamua? Mimi ningesema nini mbele ya mzee?" Kaka alisikia, spika ilikuwa imewekwa juu. Akanyanyuka, akashika begi lake. "Mambo ya marehemu yameisha," akasema. "Wewe ni mzima. Kula, acha kujitafutia ugonjwa." Na huyo akaondoka. Tangu siku hiyo simu yangu haishikwi, na nasikia amewaambia watu wa nyumbani kwamba kifo cha mdogo wangu kimenigusa kichwa.

Kimenigusa koo, kaka, si kichwa. Kichwa changu kiko sawa kuliko chenu.

Wanangu wananiambia nimsamehe. Pasta wao pia. Sijakataa kusamehe, lakini hakuna aliyekuja kuomba. Kinachoniuma, kaka, ni kwamba wewe na shemeji mnaweza kuniponya bila dawa na hamtaki. Mama wa mifupa nitamwachia Mungu, na yule wa maji meupe naye vile vile. Wao hawakuzaliwa na mimi. Wewe ulinibeba mgongoni tukivuka mto kwenda shule.

Kwa hiyo nakuuliza kwa maandishi, kwa kuwa simu hushiki. Njoo uketi na mimi na shemeji, macho kwa macho, mtu asimtupie mwenzake. Siku ile mlipomwacha mdogo wangu kwa benchi, daktari aliwaambia nini, neno kwa neno? Nani kati yenu alifungua mdomo kwanza akasema asiambiwe? Na siku yangu, mimi nikiwa nimelala kwa ile sindano, ulitikisa kichwa daktari amekuambia nini? Kama ni kansa, sema. Nitaibeba, si mimi nilimbeba yule? Kama si kansa, sema pia, lakini sema kwanza yale ya mdogo wangu, yote, ndipo nijue huo mdomo wako bado unaweza kutoa ukweli. Ulisema nini nje ya ule mlango?